Nusu Saa ya Reli Mpya

Mimi reli mpya sikuichukia, nisisingiziwe. Nilichochukia ni kumwona mume wangu anaifurahia.

Kabla haijafunguliwa, tulikuwa tunakutana kila asubuhi kwenye ngazi za kituo cha zamani. Mimi natoka zamu ya usiku hospitali, chumba cha kufulia mashuka, nabadilisha treni pale niende nyumbani. Yeye ni fundi wa vioo, anabadilisha pale pale aende karakana. Tunasimama kando ya ukuta, watu wanatupiga vikumbo, tunamzungumzia binti yetu. Nyumbani hatukuweza. Nyumbani viatu vyake vya shule bado viko chini ya kitanda, na kila anayeviona ananyamaza. Lakini pale ngazini, katikati ya kelele, mume wangu aliweza kusema, "Leo nimeona mtoto anatembea kama yeye," nami nikacheka, nikalia, kisha kila mtu akawahi treni yake.

Reli mpya ilipounganishwa, abiria wa upande wetu wakahamia huko wote. Naye akaniambia, "Siku hizi nabadilishia kituo kipya. Naokoa nusu saa, nitalala kidogo."

Nikasema haya. Ningesema nini? Nimkataze mtu usingizi? Nikawa nashuka zile ngazi peke yangu, nafasi tele, hata wa kunikanyaga hakuna. Roho iliniuma, jamani.

Halafu jirani yetu, ambaye mdomo wake haujui likizo, akaniuliza huku anaanika nguo: "Shoga, mbona shemeji bado anatoka alfajiri ile ile? Hiyo nusu saa anampelekea nani?"

Damu ikanichemka. Asubuhi iliyofuata sikubadilisha treni pa kawaida. Niliunganisha mpaka kituo kipya, matusi nimeyapanga mdomoni. Huyo mwanamke angenitambua siku hiyo!

Nilimwona mume wangu mwisho wa jukwaa, kwenye kiti cha chuma, peke yake. Treni ya kwenda karakana ikaja, ikafungua milango, ikaondoka. Hakuinua hata kichwa. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Matusi yote yakaniishia. Nikakaa pembeni yake. Aliponiona akajifuta uso haraka haraka kwa mkono wa shati.

"Unafanya nini huku?"

"Anza wewe kunijibu."

Alingoja treni nyingine ipite. "Kule ngazini ulikuwa umeanza kucheka kuliko kulia," akasema. "Mimi bado, mke wangu. Sikutaka nikurudishe nyuma. Hapa hakuna anayenijua."

Nilikasirika, haki ya Mungu. Nilikasirika kwa kumpenda. "Kwa hiyo unamlilia mwanangu kwa kujificha, kama mwizi?"

"Mwanetu," akasema.

Tukalia wote wawili mchana kweupe, tumeshikana mikono, watu wanatupita na mizigo yao. Mlinzi wa kituo akatusogelea, akainama, akauliza kwa upole kama tumeachwa na treni.

"Hapana, ndugu yangu," mume wangu akamwambia. "Tumefiwa na mtoto."

Tangu tumzike, hilo neno sikuwahi kulisikia mdomoni mwake.