Dawa ya Maji

Kambi ya kipindupindu ilikuwa madarasa matatu ya shule, yaliyoondolewa madawati na kuwekwa vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Kazi yangu ilikuwa kubeba pampu ya klorini mgongoni na kupuliza sakafu, milango na viatu vya kila anayeingia. Wauguzi walinitania kwamba nimeolewa na pampu. Kwa kuogopa kubeba ugonjwa nililala hapo hapo, na mwanangu wa miaka minne nikamwacha kwa mama mkwe.

Siku mwanangu alipoletwa niliona viatu kwanza. Nikavipuliza kama vya mtu yeyote, ndipo nikainua macho nikamwona mama mkwe, na mwanangu begani kwake, macho yamezama ndani.

Muuguzi alimlaza, akatafuta mshipa mkononi, akahamia mguuni.

"Huyu amekauka kabisa. Alikuwa anakunywa nini?"

"Dawa," mama mkwe alisema. Akatoa mkobani chupa ya plastiki na kijiko. "Ile dawa ya maji waliyotugawia bure. Tuliambiwa tuyeyushe kidonge, nikayeyusha. Kijiko asubuhi, kijiko mchana, kijiko usiku. Maji mengine nilimkatia, maana akinywa tu yanatoka. Sikuruka hata dozi moja."

"Na kwenye ndoo ya maji ya kunywa, mlitia kidonge?"

"Kwenye ndoo?" Alishangaa kweli. "Kwani ndoo inaumwa?"

Nani asiyejua dawa ya maji ni ipi? Ni ile ya chupa, ya watoto, inayopimwa kwa kijiko. Vidonge vyetu vilikuwa vya kutiwa ndooni kuua vijidudu, lakini kambini tuliviita dawa ya maji, na mtangazaji wetu, tuliyemwita Honi, akazunguka na jina hilo mtaa mzima na kipaza sauti. Hasira zinanipanda hadi leo. Hakuna aliyejiuliza bibi mwenye mgonjwa nyumbani atasikia nini, hata mimi, na bibi mwenyewe alikuwa wa mwanangu.

Muuguzi alifungua mdomo ili amweleze. Nikamkanyaga mguu, akanyamaza.

Mshipa ulipatikana, lakini mtoto alikuwa ameshachoka. Alikata roho mchana ule ule, mkono wake ndani ya wangu, glavu ikiwa kati yetu. Nilitamani kuivua na sikuivua.

"Nilijitahidi, mwanangu," mama mkwe alisema huku analia.

"Najua, mama. Hakuna ulichokosea."

Nilidhamiria kuushikilia uongo huo mpaka kaburini. Lakini mtaani bado kulikuwa na nyumba ngapi zenye chupa na kijiko? Nikamfuata Honi getini, nikamwambia abadilishe tangazo sasa hivi.

"Mama mkwe wako yumo humo ndani, dada," alisema. "Atasikia."

"Basi anzia mbali."

Alianzia mbali, masikini, ila kipaza sauti hakijui kunong'ona. Mimi na mama mkwe tukiwa tumekaa karibu na kitanda, sauti yake ikaingia dirishani. Vidonge ni vya kutia kwenye ndoo. Asipewe mgonjwa. Mgonjwa anyweshwe maji mengi yenye chumvi na sukari, asikatiwe.

Mama mkwe aliacha kulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasikiliza tena liliporudiwa. Kisha akakitazama kijiko kilichokuwa mkononi mwake.

"Ulijua," aliniambia.

Akaanza kujipiga kifuani kwa ngumi, polepole, nami nilishindwa hata kumshika.

Mlangoni akasimama mama mmoja kijana na mtoto mgongoni, kijiko kinachungulia kwenye mfuko wa gauni. Niliinuka na pampu yangu nimpulize viatu. Mama mkwe alinipita, akakichomoa kile kijiko mfukoni.

"Dawa hiyo ni ya ndoo, mwanangu," alimwambia, na sauti ikamkatika. "Mtoto mpe maji. Mpe mengi."