Yai Dogo la Mama

Pale dukani kwetu wananiona bahili, kwa sababu kila Pasaka nachukua mayai ya herufi S, yale madogo. Mwaka juzi muuzaji aliniambia kwa huruma kwamba ya XL, yale makubwa kabisa, yameshushwa bei. Nikamjibu kwamba mimi nimelelewa na mpimaji mayai, asinifundishe kazi.

Mama yangu, Stanka, alikaa miaka ishirini na sita kwenye kituo cha kupanga mayai nje ya mji wa Yambol, ndani ya chumba cha giza, yai mbele ya taa, jicho moja kalifumba. Nafasi ya hewa ndani ya yai ikiwa ndogo, gredi ya kwanza. Ikiwa kubwa, yai limezeeka, lipelekwe kwa waoka mikate. Siku hizi yote yamechapwa kwenye ganda. Tarakimu ya mwanzo inakwambia kuku aliishi vipi: moja alitembea nje, tatu alifungiwa. Mama aliyasoma hayo akacheka, akasema ugumu wa ganda mbona hawakuuchapa. Yeye aliligonga yai kwenye meno yake, taratibu, akasikiliza. Kuku mchanga hutaga dogo lenye ganda gumu, mzee hutaga kubwa lenye ganda jembamba.

Ndiyo maana mezani hatukumweza. Kwetu siku ya Pasaka tunagonganisha mayai mekundu, na yule ambaye lake limebaki zima, afya ya mwaka mzima ni yake. Kaka yangu Genko alikuja na mayai ya kutisha kwa ukubwa, akaambulia maganda. Alimwita Mama mchawi, naye Mama akajitia kununa huku anamlia yai lake.

Pasaka ile ya mwisho ya Mama, daktari alikuwa ameshatuambia ukweli. Mayai nilipaka rangi mimi, nikayagonga menoni moja moja mpaka nikapata dogo moja gumu kweli. Nikaliweka mbele ya Mama. Mimi nikachukua kubwa, la ganda jepesi. Nilitaka ashinde, basi. Sikuwa na dawa nyingine ya kumpa.

Mama akaligonga lake kwenye meno. Akaomba langu, akaligonga pia. Akanitazama, kisha akanitia lile dogo kiganjani.

"Mama, hilo lako."

"Nimepima mayai maisha yangu yote, Zlatina, leo wewe ndiye wa kunidanganya? Haya, gonga."

Nikagonga. Lake likabonyea pale pale. Nililia mbele ya watu wote wala sikuona haya. Mama alifariki kabla zabibu hazijaiva, na mimi mwaka ule sikuugua hata mafua. Iliniuma sana.

Mwaka huu binti yangu Nevena ana mimba yake ya kwanza. Jana nimechukua madogo yangu kama kawaida, halafu nikaomba na paketi moja ya XL. Muuzaji akatabasamu, akaniuliza kama hatimaye nimeelewa.

Nikamwambia ndiyo, nimeelewa.