Mvua Moja, Karatasi Mbili

Vitone vitatu vyekundu vimekaa kama mafiga, kwenye kona ya karatasi ya kushoto ukutani. Kwenye ya kulia, vitatu vile vile, pale pale. Nilisimama na dekio mkononi, maji yakinichuruzikia kiatuni.

Nilikuwa msafishaji wa chumba cha kompyuta katika hospitali ya saratani. Shule niliiachia darasa la tano, na mbele za watu ulimi wangu ulikuwa mzito. Mtafiti wa chumba kile, niliyemwita Dada, hakujali. Aliongea kwa niaba yetu sote wawili. Siku chache kabla ya asubuhi ile, alinionyesha vitone kwenye kompyuta yake.

"Tazama, mdogo wangu. Mwale wa mionzi unapiga uvimbe. Kila kitone ni jeraha ndani ya mwili. Programu mbili zinakadiria vitaangukia wapi, zimeandikwa na watu wasiojuana. Zikikubaliana, daktari ataamini mwale unaishia wapi. Zikigombana, nimekwisha."

"Zitafanana kama pacha?"

"Thubutu! Hata programu moja ukiiendesha mara mbili, vitone haviangukii pale pale. Ni kama mvua. Tunalinganisha wingi wake, siyo tone kwa tone." Akacheka. "Unauliza kuliko wakubwa wangu. Kesho vaa koti langu, mimi nideki."

Ndiyo maana, asubuhi ile, mafiga yale yalinishtua. Nikafuata vitone kwa kidole, kimoja kimoja. Hapakuwa na mvua mbili pale. Dada alikuwa amechapa jibu la programu moja mara mbili.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Dada akazibandua karatasi ukutani, macho mekundu kwa uchovu wa wiki tatu.

"Zimekubaliana, mdogo wangu! Wakubwa wananisubiri. Niombee."

"Dada..."

"Sema, mpenzi."

Mimi nani, wa darasa la tano, nimsahihishe yeye?

"Sakafu imelowa. Usije ukateleza."

Mkutanoni, mzee mmoja alizipandanisha karatasi zile dirishani, penye mwanga. Vitone vikalaliana. Dada aliapa kuwa ni uchovu. Wao wakasema ni udanganyifu. Ijumaa alibeba vitu vyake kwenye boksi la karatasi za kuchapia. Koti lake akaniachia, akanikumbatia, akashuka ngazi.

Miaka minne imepita. Koti bado linaning'inia nyuma ya mlango wangu, sijawahi kulivaa. Wakati mwingine mvua ikianza, nasimama dirishani, na midomo yangu inajaribu yale maneno.

Dada, subiri. Usiende nazo. Karatasi zote mbili ni mvua moja.