Bamba la Majira ya Baridi

Nilimfuta kaka yangu kwa siku mbili, nikianzia miguuni.

Alikuwa na urefu wa ukucha wa kidole gumba, amechongwa kwenye bamba la shaba, anatumbukia katika ufa wa barafu, mikono juu. Baba alikuwa mchonga picha hapa mjini Haarlem, na mwaka ule alichonga mabamba manne ya kuchapia picha karatasini, moja kwa kila majira. Mavuno yalikuwa Siku ya Hukumu. Mpanzi alikuwa Neno la Mungu. Barafu ilikuwa maisha ya binadamu, na kwa hiyo katika picha ya baridi lazima mtu aanguke. Huyo ndiye mwenye dhambi. Kila mnunuzi alimtambua.

Oktoba, kaka yangu Joost alikubali kuchorwa kama mwenye dhambi huyo. Alilala kifudifudi juu ya vigoda viwili, mikono ameinyoosha.

"Baba, maliza basi! Mwenye dhambi wako njaa inamuuma."

"Nyamaza wewe, unazama."

Tulicheka sote, mama kuliko wote.

Januari, siku ya Jumapili, ibada ikiendelea, barafu ya mto Spaarne ilipasuka chini ya Joost aliyekuwa akiteleza juu yake, akafa maji. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Jumapili iliyofuata mhubiri alihubiri juu ya wanaoivunja Sabato, hakumtaja jina. Hakuwa na haja.

Mama aliingia karakanani na unga mikononi. "Mtoe. Sitaki watu wamtundike mwanangu ukutani wawatishie watoto wao."

"Mama Joost," baba akasema, "hatuna sura yake nyingine."

"Hiyo si sura yake. Hiyo ni dhambi."

Baba alishika chuma cha kukwangulia. Akakiweka juu ya bamba, akakiondoa, akanisogezea. "Machteld, mkono wako umetulia."

Nilikwangua, nikasugua, nikaigonga shaba kwa nyuma ili ilingane. Lakini shaba iliyokwanguliwa bado hushika wino kidogo. Katika nakala ya kwanza, pale alipokuwa Joost palibaki kivuli cha kijivu. Mama alikitazama. Tangu hapo, kila tulipochapa alikuja kukiangalia, akifuta mikono kwanza kwenye aproni.

Bamba hulika kadiri linavyochapwa. Kufikia nakala ya mia tatu, kivuli kilikuwa kimetoweka, barafu ilikuwa nyeupe tupu.

Mama aliipeleka karatasi dirishani, akaiinamisha huku na huku.

"Machteld, unaweza kumrudisha?"

Nilipapasa bamba kwa kidole, juu na chini. Nikamwambia shaba pale imekuwa nyembamba mno, haichongeki tena.