Sijambo, Ila

Mzazi mwenzangu unayetaka mwanao awekewe mashine ya kusoma mawazo, soma kwanza haya.

Binti yangu ni mshonaji. Kwa maneno yake mengi tulimwita Kasuku. Kiharusi kilipomkamata, mwili ukalala, ulimi nao ukalala, zikabaki kope. Hospitali wakampachika kidude nyuma ya sikio, waya ukaingia kichwani. Akiwaza neno, spika ya kando ya kitanda inalitamka, polepole, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Maneno yake ya kwanza: "Sauti... gani... hii? Kama... karani." Tulicheka hadi machozi.

Shida ilikuwa wageni. Wanasalimia, Kasuku bado anatafuta neno, wao wanatazamana. Nikaona aibu. Nikamwambia fundi wa mashine, "Mwanangu, iweke iitikie salamu yenyewe."

"Mama, hapo hatakuwa yeye anayesema."

"Adabu nimemfundisha mimi. Weka."

Akaweka.

Tangu hapo, kila asubuhi: "Hujambo, Kasuku?" Papo hapo: "Sijambo, mama." Roho yangu kwatu, naenda zangu kufua.

Aliyegundua ni wifi yangu. Ana magoti mabovu, akishakaa kuinuka ni kazi. Alimsalimia, akajibiwa, akabaki pale kitini anahema. Spika ikasema, "Ila."

"Ila nini, mwanangu?"

"Ila... sikio... linachoma."

Wifi alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. "Wewe mama! Mtoto anaoza huku, wewe unasugua mashuka!"

Tulipomgeuza kichwa, usaha.

Sote tunasema hivyo: sijambo, ila mgongo, salama, ila homa. Ugonjwa wote umo kwenye ila. Mashine ilitoa sijambo yangu mimi. Mwanangu alipokuwa anaitunga ila yake, nilishafika kwenye beseni.

Kidude kilitolewa, na sauti ikaenda nacho. Sasa kidonda kimepona, daktari kauliza kama kirudishwe. Nilifungua mdomo nijibu, wifi akanifinya. Daktari akasema tumwache mgonjwa afikiri: akifumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili hapana.

Tumerudi nyumbani, nimemuuliza. Anatazama dari. Labda anaogopa kisu. Labda ananiogopa mimi, nisije nikamsemea tena. Sijui, na safari hii sijibu badala yake.

Nimevuta kiti. Nguo zingoje.