Eti Maiti Ni Mgomba

Kaka yangu Otuoma alizama ziwani mtumbwi wao ulipopinduka, na maji yalipomrudisha alikuwa amevimba hata sura imepotea. Mimi nilimtambua kwa mkanda wake. Mama alimtazama mara moja tu pale mochwari, akageuka, akasema yule si mwanawe.

Hapo ndipo nabii mmoja wa mtaa wa Mabatini, huku mjini tunakoishi, alipopata mlango. Alimwambia mama kwamba maiti ile ni mgomba tu, wachawi wameuvika sura ya mtu. Otuoma yu hai, kafanywa msukule, analimishwa mashamba ya watu. Tukiuzika ule mgomba, harudi tena. Basi mama akagoma. Baba wadogo kule kwetu Rorya walikwisha kuchimba kaburi kando ya lile la marehemu baba, maana Mjaluo hazikwi ugenini, na sisi huku tunabishana habari za migomba. Mgomba gani unanuka vile?

Jumapili, kanisani kwake, nabii akamrudisha huyo "Otuoma". Kijana aliyepakwa unga mwili mzima alitolewa nyuma ya pazia, vigelegele vikapigwa, watu wakaanguka kwa zamu kama walioelekezwa. Nilimsogelea nikamsalimia kwa Kijaluo. Akanikodolea macho. Nilipomuuliza kwao ni wapi, alijibu kwa lafudhi ya Kisukuma kwamba hakumbuki. Jasho lilikuwa linamtiririka, unga umeshakuwa uji shingoni.

Nabii alisema msukule hukatwa lugha, naye akatabasamu. Mungu anisamehe, nilitamani kulitemea mate tabasamu lile.

Nikamshika mama mkono. "Mama, mwangalie vizuri. Huyu ni mtoto wa watu."

Alimwangalia sana. Kisha akafungua kanga ya begani, akaanza kumfuta yule kijana unga usoni, taratibu.

"Akinyi," alisema bila kunigeukia, "kama si huyu, basi mwanangu ni yule wa mochwari. Unataka nimchukue yule?"

Nilitoka nje nikawapigia simu baba wadogo.

Baba wadogo walikuja wakamchukua Otuoma, tukamzika Rorya. Ilipofika zamu ya mama kutupa udongo, tulisubiri kidogo, halafu mchungaji akaendelea. Jirani aliniambia baadaye kwamba saa ile mama alikuwa jikoni kwake kule mjini, anamkaangia yule kijana sato, na nabii naye kakaa mezani, ananawa mikono.