Kilichofunikwa Chini ya Diski

Jumanne, tarehe 14 Januari. Ukungu ulikuwa umeishukia Peshawar tangu alfajiri, mzito na wa baridi, na aliyesimama langoni mwa kiwanda cha marumaru hakuweza kuiona misumeno iliyokuwa pale pale mbele yake. Alichoweza ni kusikia kipigo.

Wanaume wawili walikuwa wakimpiga Samandar, dereva wa lori, kwa mkanda wa mashine. Walikuwa wamemfunga kwenye gurudumu la lori lake mwenyewe. Kila mkanda ulipotua alitoa sauti kama ya mtu anayekohoa, na damu ya mdomoni ilidondoka kwenye vumbi jeupe la mawe, ikawa uji mwekundu.

"Mwacheni kwanza," alisema Haji Sarbuland, mkuu wa baraza la wazee. "Jiwe liko chini, na nyinyi mnaliona."

Ni kweli lilikuwa chini, kipande cha marumaru kilicholazwa langoni na wazee. Jiwe likishalazwa hivyo, hakuna anayeruhusiwa kulipa kisasi mpaka muda wake uishe. Muda wa jiwe hili ulikuwa alasiri.

Lawang, fundi wa kompyuta wa kiwanda, aliyasikia yote akiwa ndani ya chumba cha seva, mgongo wake umeelekea mlango. Aliyeuawa kwa risasi jana mchana kiwandani hapa, katika ugomvi na Samandar, alikuwa kaka yake, Zmarak, mkata mawe. Baba yao alikwisha kufa, kwa hiyo mwenye damu, mwenye haki ya kulipa kisasi, sasa ni Lawang. Kamera zisipoonyesha jambo jingine, alasiri angepewa bunduki ampige Samandar kwa mkono wake. Shahidi alikuwa mmoja tu, Ami Gulbaz, ndugu wa baba yao na mkuu wa walinzi. Gulbaz aliapa kwamba alimwona Samandar akifyatua bastola na kuitupa chini.

"Mwanangu, kaka yako hata udongo wake haujakauka, na wewe unapapasa vitufe," alisema Gulbaz mlangoni, bunduki begani. "Unaogopa damu?"

"Naogopa damu isiyo yake, Ami."

"Hayo umeyasoma kwenye kompyuta?"

Lawang aligeukia skrini. Jana alfajiri umeme ulikatika na seva ikaanguka. Ilipowaka tena, ile diski kubwa inayotunza picha za kamera ilikataa kupachikwa, yaani kuunganishwa na folda yake.

"Ilazimishe basi," alisema Gulbaz.

"Diski iliyojeruhiwa ukiilazimisha, inaandika juu ya picha zake yenyewe. Niache niikague."

Aliikagua kwanza bila kuandika chochote, kisha akasema bismillahi na kuitengeneza, halafu akaipachika. Safari hii ilikubali. Alifungua folda ya picha. Picha zilikuwepo mpaka alfajiri, umeme ulipokatika. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Gulbaz alishusha pumzi ndefu na kumpiga bega. "Mungu ameshaamua. Toka nje, uwe mwanamume."

Nje mkanda ulianza upya. Samandar aliita jina la mama yake, kisha kitu kigumu kikampiga mdomoni na jina likakatikia hapo.

Lawang alifumba macho. Ya Rabbi, nionyeshe, hata kama ni nisichotaka kukiona.

Alipoyafumbua aliangalia ile diski ndogo, yenye mfumo wa seva peke yake. Ilikuwa imejaa pomoni. Diski hiyo huwa haijai. Nani ameijaza?

Ndipo akaelewa. Programu ya kamera haiijui diski; inaijua folda. Diski kubwa ilipokataa, folda ilibaki tupu, na programu ikaendelea kumimina picha humo humo, kwenye diski ndogo. Kisha asubuhi hii yeye mwenyewe ameitandaza diski kubwa juu ya folda ile, kama anayetandika mkeka juu ya kaburi.

Akaisimamisha programu, akaipachua diski kubwa, akaifungua folda tena. Picha za jana zilikuwa zimelala chini yake.

"Haji Sarbuland," aliita, "njoo dirishani na wenzako. Sitaki kutazama peke yangu."

Akaigeuza skrini. Zmarak alionekana akimtwanga Samandar kwa mtaimbo, mara ya kwanza, mara ya pili. Samandar alikuwa amejikinga kichwa kwa mikono mitupu. Nyuma yao Gulbaz alichomoa bastola, akamlenga Samandar. Zmarak akapiga hatua kuinua mtaimbo tena, na risasi ikamwingia yeye shingoni. Gulbaz akasita. Kisha akaitupa bastola miguuni mwa Samandar.

Kitako cha bunduki kilimpiga Lawang sikioni kabla hajageuka. Aliinuka akiyumba, akanyoosha mkono mbele ya skrini, na Gulbaz akafyatua. Vidole viwili vya Lawang vikaondoka pamoja na kioo.

"Umeua skrini, Ami," alisema Lawang, ameushika mkono uliokuwa ukichuruzika. "Picha hazikai humo."

Wazee waliingia kwa mkupuo. Walimwangusha Gulbaz, wakamkanyaga kifundo cha mkono mpaka kikalia, wakampokonya bunduki.

"Nilimlenga yule mbwa," alilia Gulbaz sakafuni. "Zmarak alijiingiza mwenyewe."

"Na maisha yake yote ungemwacha mtoto huyu aishi na damu ya bure?" aliuliza Haji Sarbuland. Akamkabidhi Lawang bunduki ile. "Mwenye damu ni wewe. Muda wa jiwe unaisha."

Lawang aliipokea kwa mkono mzima, akaitundika begani, akatoka nayo. Alikata kamba za Samandar kwa kisu cha mlinzi, akamwegemeza bega la pili mpaka langoni, wazee nyuma yao, Gulbaz akiburutwa. Hapo akailaza bunduki chini na kuweka mkono wake uliokatika vidole juu ya marumaru ile ya wazee, ambayo ikageuka nyekundu.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," alisema. "Risasi ya Ami nimeiacha kwa Mungu, sitailipa. Samandar atalala nyumbani kwangu na kula chungu kimoja nami mpaka mdomo wake upone. Na atakayemgusa, awe wa ukoo wangu au wa mwingine, ataanza na mimi. Naahidi."